Maswali ya wasomaji: Maji yanayoingia na kutoka kwenye seli

*Mwezi huu nimechagua barua zinazohusu osmosisi, yaani maji kupita kwenye utando wa seli kutoka upande mwepesi kwenda upande mzito, maana zimekuwa nyingi na baadhi zinagusa maisha ya watu. Ninayejibu nimefanya kazi kwenye maabara ya damu miaka mingi na bado nafundisha wanaoingia kwenye kazi hiyo.*

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Kwenye mtihani tuliulizwa seli nyekundu za damu zinakuwaje zikitiwa ndani ya maji matupu yasiyo na chumvi. Nikajibu kwamba maji yataingia kwa osmosisi, seli zitajaa na kuwa ngumu, kisha maji yataacha kuingia. Sikupata alama hata moja. Lakini ndivyo tulivyosoma kwenye mada ya seli. Nimekosea wapi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umekosea mahali pamoja tu: umejibu kuhusu mmea. Mwanzo wa jibu lako ni sahihi kabisa, maji yataingia. Ila hayo maneno "kisha maji yataacha kuingia" yanahitaji kitu cha kuyazuia, na seli ya mnyama haina kitu hicho.

Seli ya mmea ina ukuta wa selulosi nje ya utando wake. Maji yakiingia, seli inatanuka na kuubana ukuta, ukuta nao unasukuma kurudi ndani, mpaka nguvu hizo mbili zinalingana. Hapo seli imekaza na mambo yanatulia. Seli ya mnyama ina utando peke yake, unene wake takriban nanomita 7 hadi 8, na utando huo hautanuki kama wengi wanavyodhani. Ule wa seli nyekundu ukivutwa hadi eneo lake likaongezeka kwa asilimia 3 au 4, unachanika.

Sasa mbona seli nyekundu huvimba kabla ya kupasuka? Ni kwa sababu ya umbo lake. Ni bapa, imebonyea katikati pande zote mbili, na upana wake ni maikromita 7 hadi 8. Eneo la utando wake ni kama maikromita za mraba 140, ilhali vilivyomo ndani vingeweza kufunikwa na maikromita za mraba 100 hivi kama seli ingekuwa tufe. Kwa maneno mengine, ina utando wa akiba. Maji yakianza kuingia, pale palipobonyea panajaa, seli inanenepa, halafu inakuwa tufe kamili. Mpaka hapo utando haujavutwa. Ujazo unakuwa umeongezeka kwa zaidi ya nusu, na akiba imekwisha. Maji yakizidi hapo, utando unachanika na himoglobini, ile protini inayoipa damu wekundu, inamwagika nje.

Sisi maabara tunaliona jambo hili kwa macho bila hadubini. Tunapanga mirija ya kioo, wa kwanza una maji ya chumvi ya asilimia 0.9, unaofuata una chumvi pungufu, hivyo hivyo mpaka maji matupu. Kila mmoja unatiwa kiasi kile kile cha damu. Chukua karatasi yenye maandishi uiweke nyuma ya mirija. Nyuma ya mrija wa asilimia 0.9 husomi kitu, kwa kuwa mamilioni ya seli nzima yanazuia mwanga na mrija umekuwa mzito kama rangi ya ukutani. Nyuma ya mrija wa maji matupu unasoma kila herufi kupitia wekundu unaong'aa, kwa sababu seli hazipo tena, kilichobaki ni himoglobini iliyoyeyuka na mabaki ya tando yasiyoonekana. Ukiiacha mirija itulie, ule wa kwanza unaonyesha seli zimetua chini na maji ya juu hayana rangi. Kwenye asilimia 0.45 hivi unaona maji ya juu yameanza kuwa ya waridi, yaani zile seli dhaifu zimeshapasuka. Kwenye asilimia 0.3 karibu zote zimekwisha. Mfisiolojia wa Uholanzi, Hartog Jacob Hamburger, alifanya majaribio ya namna hii katika miaka ya 1880, na hapo ndipo ilipotoka ile 0.9 ambayo hadi leo imeandikwa kwenye chupa za dripu.

Kipimo hicho tunakitumia pia kwa wagonjwa. Kuna watu wanaozaliwa na seli nyekundu ambazo tayari zina umbo la tufe. Hazina akiba ya utando, kwa hiyo zinapasuka mapema, kwenye chumvi ambayo seli za mtu mwingine zingeivumilia bila shida.

Upande wa pili ni rahisi. Ukiweka damu kwenye maji ya chumvi ya asilimia 3, maji yanatoka ndani ya seli. Chini ya hadubini utaziona zimesinyaa na kuota miiba midogo pembeni. Ukiyaondoa maji yale mapema na kurudisha ya asilimia 0.9, nyingi zinarudi kwenye umbo lake. Iliyopasuka hairudi. Kwa hiyo kwenye mtihani ujao andika: katika mmumunyo haipotoniki (mwepesi kuliko ndani ya seli) seli ya mnyama huvimba na kupasuka, katika haipatoniki (mzito kuliko ndani) husinyaa, katika aisotoniki (uliolingana na ndani) hubaki ilivyo kwa sababu maji yanayoingia yanalingana na yanayotoka. Usisahau hilo la mwisho. Wengi huandika kwamba maji "yamesimama", na maji hayasimami kamwe. Utando wa seli nyekundu umejaa vijia maalumu vya maji vinavyoitwa akwaporini. Peter Agre wa Marekani alivigundua kwenye seli hizi hizi, akavithibitisha mwaka 1992, na mwaka 2003 akapewa nusu ya Tuzo ya Nobel ya Kemia. Kijia kimoja hupitisha molekuli za maji zinazohesabiwa kwa mabilioni kila sekunde.

Najua swali litakalofuata: kama seli ni dhaifu hivyo, mbona miili yetu haipasuki? Kwanza, mwili unayalinda maji yaliyozunguka seli. Figo, homoni na kiu vinahakikisha ukolezi wa utegili (majimaji ya damu yasiyo na seli) haupotoki mbali na miliosmoli 285 hadi 295 kwa kila kilo ya maji. Pili, kila seli ina pampu kwenye utando wake inayotoa ioni 3 za sodiamu na kuingiza 2 za potasiamu, usiku na mchana, kwa kutumia nishati. Jens Skou wa Denmark aliieleza mwaka 1957. Ndani ya seli kuna protini nyingi zisizoweza kutoka, nazo zingevuta maji bila kikomo kama pampu hiyo isingekuwa inapunguza sodiamu. Seli ikikosa oksijeni, pampu inakosa nishati, na seli inavimba hata kama maji yanayoizunguka hayajabadilika. Mimi naona pampu hii ingetakiwa kufundishwa pamoja na osmosisi, si sura tatu mbele.

SWALI: Nasomea uuguzi. Tumefundishwa kwamba mmumunyo wenye osmolariti sawa na ya damu hauzidhuru seli. Mwenzangu anabisha, anasema urea yenye osmolariti ile ile bado inapasua seli nyekundu. Tumebishana wiki nzima. Nani mkweli?

JIBU: Mwenzako. Nimefurahi kwamba mmebishana, maana hapa ndipo wengi wanapoachwa na vitabu.

Osmolariti inahesabu chembe zote zilizoyeyuka. Seli haihesabu hivyo. Seli inaguswa tu na zile chembe zisizoweza kupita kwenye utando wake. Chumvi ya asilimia 0.9, yaani gramu 9 kwa lita, inatoa takriban milimoli 154 za sodiamu na 154 za kloridi, jumla 308. Sodiamu inabaki nje, na hata ikipenya kidogo pampu inaitoa, kwa hiyo inashikilia maji nje. Urea ya milimoli 300 kwa lita ina hesabu inayokaribia hiyo hiyo, lakini utando wa seli nyekundu una mlango wa urea. Urea inaingia ndani kama vile mpaka haupo, na maji yanaifuata. Baada ya sekunde chache tu mrija unakuwa na wekundu unaopitisha mwanga, sawasawa na maji matupu. Jaribuni maabara kwa damu iliyobaki kwenye vipimo, mkiwa na glavu na msimamizi wenu, muone.

Kwa kazi yenu ya wodini jambo hili lina uzito. Chukua dripu ya glukosi ya asilimia 5, gramu 50 kwa lita. Ikiwa kwenye chupa, osmolariti yake inakaribia ya damu, ndiyo maana haipasui seli pale inapoingia kwenye mshipa. Lakini ndani ya mwili seli zinaichukua glukosi na kuitumia, kinachobaki ni maji. Kwa hiyo mgonjwa anayepewa lita nyingi za glukosi peke yake ni sawa na anayepewa maji matupu taratibu, na sodiamu yake inaweza kushuka hadi kiwango cha hatari. Muuguzi anayelijua hili anatazama chupa iliyotundikwa na kujiuliza nini kitabaki baada ya saa kadhaa. Na maji yale yaliyotakaswa kwa ajili ya kuyeyushia dawa za unga kamwe hayatundikwi yenyewe kwenye mshipa. Yakiingia mengi seli nyekundu zinapasuka ndani ya mishipa, na himoglobini inayomwagika inaumiza figo.

SWALI: Mwalimu, vidole vyangu vikikaa muda mrefu kwenye maji vinajikunja. Hiyo si osmosisi?

JIBU: Hapana, ingawa karibu kila mtu anaambiwa hivyo shuleni. Tangu miaka ya 1930 madaktari wanajua kwamba kidole ambacho mshipa wake wa fahamu umekatika hakijikunji, hata ukikiloweka muda mrefu. Kama ingekuwa maji yanaingia tu kwenye ngozi, mshipa wa fahamu usingehusika. Kinachotokea ni kwamba neva zinaamuru mishipa midogo ya damu ya kidole isinyae, nyama ya ndani inapungua ujazo, na ngozi ya juu inajikunja. Seli hai za ngozi zimelindwa na tabaka la seli zilizokufa na mafuta kati yake, ndiyo maana unaweza kuogelea bila seli zako kuvimba.

SWALI: Umewahi kuandika kwamba seli kupasuka ni hasara. Je, hakuna manufaa yoyote ya kuziweka seli kwenye maji yenye chumvi kidogo?

JIBU: Yapo, na moja lilibadilisha biolojia ya binadamu. Kwa zaidi ya miaka 30 wanasayansi waliamini seli ya binadamu ina kromosomu 48, zile nyuzi zinazobeba urithi. Tatizo lilikuwa kwamba ndani ya seli kromosomu zimerundikana, moja juu ya nyingine, na kuhesabu kulikuwa kubahatisha. Mwaka 1952 Tao-Chiuh Hsu, akiwa Texas, aliona kromosomu za seli za binadamu zimetawanyika vizuri ajabu kwenye slaidi zake. Baadaye akagundua kwamba maji ya kusuuzia seli yalikuwa yametengenezwa yakiwa mepesi kuliko ilivyopangwa. Seli zilikuwa zimevimba bila kupasuka, na kromosomu zikapata nafasi ya kuachana. Mwaka 1956 Joe Hin Tjio na Albert Levan, waliofanya kazi Lund nchini Sweden, walitumia uvimbishaji huo pamoja na mbinu nyingine, wakatangaza idadi sahihi: 46.

Hadi leo maabara zinazopima kromosomu huziweka seli kwenye mmumunyo mwepesi wa kloridi ya potasiamu kwa muda mfupi. Ukizidisha muda seli zinapasuka na kromosomu zinapotea, ukipunguza zinabaki zimerundikana. Ni kazi ya mkono wenye uzoefu, na mimi huwaheshimu sana wanaoiweza.

SWALI: Mimi ni mkimbiaji wa mbio ndefu. Kocha wetu anasema tunywe maji mengi iwezekanavyo njiani, hata bila kiu, kwa sababu maji hayana madhara. Mwenzetu mmoja alimaliza mbio akiwa anatapika na kuongea ovyo, na hospitali wakasema sodiamu imeshuka. Inawezekanaje maji yamdhuru mtu?

JIBU: Pole kwa mwenzenu, ndugu yangu, na tafadhali mweleze kocha hili kwa upole lakini mweleze.

Sodiamu ya damu kwa kawaida ni milimoli 135 hadi 145 kwa lita. Mtu akinywa maji kuliko figo zinavyoweza kuyatoa, na wakati wa mbio ndefu mwili huwa unatoa homoni inayozuia mkojo, utegili unazimuliwa. Hapo maji yanayozunguka seli yanakuwa mepesi kuliko yaliyo ndani, na seli zote zinavimba kidogo. Misuli ikivimba kidogo mtu anaweza asihisi. Ubongo umefungiwa ndani ya fuvu lisilotanuka. Ndiyo maana dalili zinaanzia kichwani: kuumwa kichwa, kichefuchefu, kutapika, kuchanganyikiwa, na hali ikizidi degedege na kupoteza fahamu. Watu wamekufa kwa namna hii.

Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002 watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488 waliomaliza. Asilimia 13 walikuwa na sodiamu ya 135 au chini. Waliokuwa hatarini zaidi ni wale walioongezeka uzito wakati wa mbio, yaani walikunywa kuliko walivyopoteza, na wale waliotumia zaidi ya saa 4. Kwa hiyo mpime uzito kabla na baada ya mazoezi marefu. Aliyemaliza akiwa mzito kuliko alivyoanza amekunywa kupita kiasi. Kunyweni mnapohisi kiu. Vinywaji vya michezo navyo haviondoi hatari, maana sodiamu yake ni ndogo mno ukilinganisha na ya damu.

Kuna jambo jingine ambalo ndugu za wagonjwa huniuliza kwa hasira: kwa nini hospitali hawarudishi sodiamu haraka? Inategemea imeshuka kwa kasi gani. Aliyeshuka ndani ya saa chache na ana degedege, kama mkimbiaji, hupewa mara moja kiasi kidogo cha maji ya chumvi ya asilimia 3 ili kuyavuta maji kutoka kwenye seli za ubongo. Lakini iliyoshuka kwa siku kadhaa, seli za ubongo zimeshazoea. Zimetoa potasiamu na vitu vingine vyake ili zisivimbe. Sodiamu ya nje ikipandishwa ghafla, seli hizo sasa zinanyonywa maji na utando unaofunika neva unaweza kuharibika kabisa. Hivyo madaktari huipandisha polepole, mara nyingi si zaidi ya milimoli 8 hadi 10 kwa lita ndani ya saa 24. Huo si uzembe.

SWALI: Mwanangu wa mwaka mmoja anaharisha. Nimepewa paketi za ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji. Pakiti inasema lita moja ya maji, lakini mtoto hawezi kunywa yote. Je, nikiichanganya na nusu lita haitakuwa na nguvu zaidi?

JIBU: Hapana mama, usifanye hivyo. Itamwongezea ugonjwa.

Utumbo wa mtoto unanyonya maji kwa sababu kuna mlango kwenye seli zake unaochukua sodiamu na glukosi kwa pamoja, na maji yanafuata. Mlango huo unaendelea kufanya kazi hata wakati wa kipindupindu, na ORS imetengenezwa kuutumia. Lakini maji yatafuata kuingia mwilini ikiwa tu yaliyo ndani ya utumbo si mazito kuliko damu. Ukipunguza maji nusu, umeufanya mmumunyo kuwa mzito mara mbili. Sasa osmosisi inageuka: maji yanatoka kwenye damu ya mtoto kwenda tumboni, anaharisha zaidi, na sodiamu ya damu yake inaweza kupanda hadi hatari. Soda na juisi za sukari nyingi zina tatizo hilo hilo.

Kwa miaka mingi ORS ilikuwa na osmolariti ya miliosmoli 311 kwa lita. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza nyepesi zaidi, 245, yenye sodiamu milimoli 75 na glukosi milimoli 75 kwa lita, baada ya kuonekana kwamba kuharisha kwa watoto kunapungua na wanaohitaji dripu wanapungua. Sikia hapo: waliipunguza makali, hawakuyaongeza.

Changanya paketi nzima na lita moja kamili ya maji salama, upime kwa chombo unachokijua ujazo wake. Usiigawe paketi kwa kukadiria kwa jicho. Mpe kwa kijiko, kidogo kidogo, hata kila dakika moja au mbili. Akitapika subiri dakika kumi uanze tena taratibu. Endelea kumnyonyesha na kumlisha. Kinachobaki baada ya saa 24 kimwage, utengeneze kingine. Macho yakizama, akilegea, akishindwa kunywa, akitapika kila kitu, au ukiona damu kwenye choo, usisubiri, mpeleke kituo cha afya saa hiyo hiyo na uwaambie umempa nini na kwa kiasi gani.